Kushusha Datsun ya zamani nyumbani: chesisi kwanza, springi baadaye

Msomaji mmoja wa Nyasaka, Mwanza, ameniandikia kuwa amerithi kutoka kwa baba yake mdogo pikapu aina ya Datsun 620 ya mwaka 1976, yenye injini ya J15, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikibeba kayabo (sangara waliotiwa chumvi) na dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Anakusudia kuifufua mwenyewe katika banda lililo nyuma ya nyumba, na kuishusha kimo kwa sentimita 10 ifanane na zile anazoziona kwenye picha. Fundi wa jirani amemshauri azichome springi kwa gesi mpaka zilale. Anauliza kama sentimita 10 zinawezekana, kama ushauri wa gesi ni sahihi, na kama aanze na kushusha, na bodi, au na rangi. Ameongeza kwamba baba yake angependa gari hilo liendelee kubeba mzigo mdogo wa nyumbani.

Ndugu msomaji, nianze na majibu yenyewe, kisha nieleze sababu. Gesi isiguse springi hata moja. Sentimita 10 ni nyingi mno kwa gari lenye historia uliyoieleza na kwa barabara unazopita. Mimi ningeishia sentimita 4 mbele na 5 nyuma. Kazi ianze na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, kwa kuwa hatua zote nyingine, pamoja na kiasi cha kushusha, zitategemea utakachokikuta pale.

Picha ulizoziona zinahitaji maelezo kidogo. Pikapu nyingi zinazopigwa picha zikiwa zimelala karibu kabisa na lami hazitembei zikiwa katika kimo kile. Zimefungwa mifuko ya hewa badala ya springi, na dereva akiegesha huitoa hewa ili gari lilale, halafu akitaka kuondoka hujaza upya na gari huinuka. Isitoshe, chesisi zake zimekatwa tao juu ya ekseli ya nyuma ili ekseli ipate pa kupandia. Ukijaribu kuupata mwonekano ule kwa springi za kawaida, utakuwa na gari linaloendeshwa wakati wote katika kimo ambacho wenyewe wanakitumia kwa kuegesha tu.

Sasa tuje kwenye kayabo. Ziwa Victoria ni la maji baridi, na ndiyo maana magari yaliyokulia Mwanza kwa kawaida huoza polepole kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari una chumvi. Gari la kayabo halimo katika hesabu hiyo. Sangara aliyetiwa chumvi huendelea kutoa maji akiwa njiani, na maji yale hupenya kwenye maungio ya sakafu ya bodi ya nyuma, yakadondokea juu ya chesisi na kukaa hasa pale bodi inapokalia chuma, mahali ambapo jua halifiki na brashi haifiki. Kwa hiyo usikague gari hili likiwa limefungwa. Fungua bolti za bodi ya nyuma, tafuta watu wanne wenye nguvu, iinueni na kuiweka pembeni juu ya mbao.

Kabla ya kugusa grainda, osha. Chumvi iliyojificha ndani ya kutu haitoki kwa kusugua pakavu, na ukiifunika kwa rangi itaendelea kula chuma kwa chini huku juu panang'aa. Tumia maji mengi ya bomba yenye msukumo, ya moto ukiweza kuyapata, pamoja na sabuni, na uelekeze mpira ndani ya kila tundu la chesisi mpaka maji yanayotoka upande wa pili yawe safi. Acha pakauke, kisha rudia. Ninajua kwamba vijana wengi huosha magari ufukweni kwa sababu maji ni ya bure. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa usifanyiwe shughuli zinazoweza kuharibu mazingira yake, na oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) iliyochanganyika na sabuni ni uharibifu wa wazi. Oshea nyumbani au kwenye sehemu rasmi ya kuoshea magari.

Chesisi ikishakauka, chukua nyundo ndogo na bisibisi la zamani. Gonga kwa upole kila baada ya sentimita 5 hivi, kuanzia mbele hadi nyuma, ukisikiliza. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali unaosambaa, na kilicholiwa hutoa mlio mfu, na mara nyingi hapo hapo kutu hubanduka kwa tabaka kama magamba ya samaki. Palipotoa mlio mfu, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Ikiingia au chuma kikibonyea, zungushia chaki. Usifanye haraka katika sehemu tatu: pale chesisi inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma, pale kishikio cha mbele cha springi kilipochomelewa, na kwenye vyuma vya kukingama vinavyobeba uzito wa bodi. Piga tochi ndani ya matundu pia, kwa sababu chesisi iliyofungwa pande zote huoza kuanzia ndani, na mara nyingi upande wa nje ndio wa mwisho kutoa habari.

Sehemu ya kwanza kati ya hizo ndiyo inayoamua jibu langu kuhusu sentimita 10. Gari linaposhushwa, ekseli husogea karibu na chesisi. Kila unapopita kwenye shimo, raba ya kugongea, ile inayozuia ekseli isigonge chesisi, inaguswa mapema na kwa nguvu zaidi, na pigo hilo linapokewa na chesisi pale pale ambapo maji ya kayabo yalikuwa yakituama. Kukata tao juu ya ekseli ni kazi inayofanyika, na mafundi wazuri wanaifanya kwa kuongeza vyuma vya kutosha kuzunguka sehemu iliyokatwa, lakini inadai chuma kizima pande zote mbili za mkato. Kwenye chesisi iliyolowekwa chumvi kwa miaka, mimi siikati.

Ukimaliza kukagua, pima unyofu. Hapa huhitaji mashine. Timazi, chaki na tepu vinatosha, mradi sakafu ya banda lako iwe ya saruji na iliyo sawa. Iweke chesisi juu ya stendi nne imara, usiitegemee jeki, na uisawazishe kwa pima maji. Chagua matundu mawili ya kiwandani upande wa kushoto na mawili yanayolingana nayo upande wa kulia. Teremsha timazi kutoka katikati ya kila tundu, subiri itulie, weka alama ya chaki sakafuni. Sogeza chesisi pembeni, upime kwa mshazari kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Tofauti ya milimita 3 hadi 5 ni ya kawaida kwa gari la umri huu. Ikizidi sentimita moja, gari limewahi kupinda, na hakuna alaimenti itakayolifanya litembee moja kwa moja mpaka chesisi inyooshwe na mtu mwenye vifaa vya kuvutia.

Kuhusu kuchomelea viraka, nitasema machache kwa kuwa kazi hii inahitaji mkono uliofundishwa, na kama mkono wako bado ni mchanga, mlipe mchomeleaji wa SIDO au aliyepita VETA akufanyie sehemu ya chesisi, nawe ubaki na kazi nyingine. Kata chuma kilichooza mpaka ufikie kizima, wala usibandike kiraka juu ya kutu. Kiraka kiwe cha unene sawa na chesisi na ncha zake zichongwe mshazari, kwa sababu mchomeleo uliokata chesisi moja kwa moja kutoka juu hadi chini ndio unaokuwa mwanzo wa ufa. Vijiti vya E7018 ni bora kwa kazi hii kuliko vya E6013 vinavyouzwa kila duka, ila vinanyonya unyevu upesi, na hewa ya karibu na ziwa ina unyevu wa kutosha. Vikaushe kwenye oveni kabla ya kuvitumia. Toa waya za betri na za altaneta. Tangi la mafuta liondoke kabisa bandani, wala mtu asikushawishi kulichomelea, hata likiwa limekaa tupu kwa miaka.

Vipande vidogo vyenye kutu, kama vile mabano, bawaba, bolti kubwa na pleti za springi, usivimalize kwa grainda. Kanda hii ina molasi kwa sababu ya kiwanda cha sukari cha Kagera, na wafugaji huinunua kwa ajili ya kulishia ng'ombe. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji kwenye pipa la plastiki, tumbukiza vipande, funika, na uviache kwa wiki mbili au tatu. Harufu yake haipendezi na majirani watauliza, lakini kutu itaachia bila kupunguza chuma kizima. Usitumbukize humo kitu chochote cha aluminiamu au kilichopakwa zinki. Ukivitoa, suuza, kausha siku hiyo hiyo na upake praima, la sivyo kutu mpya itaanza kabla hujalala.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye kushusha, na nianze na nyuma. Springi za gari lako ni za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Chuma cha springi kilipewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa kiasi. Ukielekeza gesi mpaka kiwe chekundu, pale palipowaka ugumu unapotea na springi inalegea, na pembezoni mwa hapo chuma kinaweza kuwa kikavu na chepesi kuvunjika. Gari litashuka siku hiyo, ndiyo, na litaendelea kushuka kila wiki bila wewe kuligusa, upande mmoja zaidi ya mwingine. Kuchomoa pati moja au mbili, yaani vyuma bapa vya springi, ni afadhali, ila nako kunalegeza springi, maana yake gari linashuka na wakati huo huo linagonga kwa urahisi zaidi, yaani unapoteza mara mbili.

Njia ninayoipendekeza ni bloku za kushushia za sentimita 5, za chuma au aluminiamu nzito, zinazokaa kati ya springi na ekseli. Kabla hujanunua, lala chini uangalie ekseli imekaa juu ya springi au chini yake. Bloku inashusha gari ikiwa ekseli iko juu ya springi. Ikiwa iko chini, bloku ile ile italiinua, na nimeona watu wakishangaa. Bloku iwe na tundu la kupokea kichwa cha senta bolti (bolti ya katikati inayofunga pati pamoja) upande mmoja na ncha ya namna hiyo upande wa pili, ili ekseli isitambae. Yubolti, yaani bolti za umbo la U zinazobana ekseli na springi, ziwe mpya na ndefu zaidi. Za zamani zimekwisha kuvutika mara moja, hazikazwi tena. Usipange bloku mbili, wala usitumie mbao, hata iwe mninga.

Bloku haibadilishi nguvu ya springi, inachokula ni nafasi ya kucheza. Pima gari likiwa limesimama na bodi yake: kutoka ekseli hadi raba ya kugongea pana sentimita ngapi? Ukikuta 10 na ukaweka bloku ya 5, zimebaki 5, nami sikubali chini ya hapo kwa barabara zetu. Ukikuta 8, weka bloku ya 3 na uridhike.

Mbele kazi ni tofauti, na hapa Datsun yako ina neema ambayo wenye magari ya koili hawana. Inabebwa na toshenibaa, yaani fimbo ndefu za chuma cha springi zinazojisokota, moja kila upande, na mwisho wa kila fimbo kuna bolti ya kurekebishia kimo. Kwa hiyo sentimita 4 zinapatikana kwa spana tu, bila kukata kitu. Weka mbele juu ya stendi, magurudumu yaning'inie ili mzigo uondoke kwenye fimbo, safisha nyuzi za bolti na kuzilowesha mafuta siku moja kabla, kisha legeza kwa mizunguko iliyo sawa kushoto na kulia. Lishushe, lisukume gari mbele na nyuma, libonyeze mara kadhaa litulie, ndipo upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bawa. Usipime gari likiwa limetoka kushushwa sasa hivi, kwa sababu matairi yanakuwa bado yamekaa kwa kujibana na kipimo kitakudanganya.

Ukilazimika kuchomoa fimbo ili kubadilisha bushi, weka alama ya rangi kwenye meno yake na kwenye kishikio, na uziweke mbali zisichanganyike, kwa sababu ya kushoto na ya kulia hazibadilishani. Usizibane kwa vaisi yenye meno makali: mkwaruzo mmoja juu ya fimbo inayojisokota ndio ufa wa kesho. Kikomo cha kushusha mbele utakisoma kwenye wishboni ya chini, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele. Gari likiwa limesimama, ncha yake ya nje, penye bolijointi, isiwe juu kuliko ya ndani. Ikifika hapo, usukani utaanza kuvuta wenyewe kila tairi linapopanda tuta, na tairi zitalika upande wa ndani. Alaimenti baada ya kushusha ni lazima. Mlalo wa tairi kwenye gari hili hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza shimu (vipande vyembamba vya chuma) kwenye wishboni ya juu, jambo ambalo vijana wa mashine za kisasa wakati mwingine hawalijui, hivyo waambie.

Kimo kamili kiamuliwe na njia yako. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye 620 fupi ni milimita 2,530. Chukua uzi wa urefu huo, nenda kwenye tuta baya kuliko yote unayopita, na kwenye mlango wa geti lako kama lipo mlimani kati ya mawe kama nyumba nyingi za Nyasaka. Mwambie mtu ashike ncha moja chini upande wa kupandia nawe ushike nyingine chini upande wa kushukia, kisha inueni ncha zote mbili kwa kiasi kimoja mpaka uzi upite juu ya kilele bila kugusa. Kimo mlichoinua ndicho ambacho chuma cha chini kabisa kati ya magurudumu, mara nyingi bomba la ekzosi, kinapaswa kukizidi, na uongeze sentimita 3 kwa ajili ya gari kubonyea. Kama unakwenda Sengerema, tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limekuondolea adha ya kupanda pantoni, lakini ukipita Kamanga pima pia pembe ya mlango wa kivuko, kwa kuwa bampa ya mbele hugusa pale kabla ya tairi kupanda.

Mambo yanayofuatana na kushusha ni madogo lakini hayasubiri. Shokapu za urefu wa zamani zitafika mwisho kabla ya springi na kupasuka. Tafuta fupi zaidi. Propela shafti itabadilika pembe na kusogea karibu na vyuma vya kukingama, kwa hiyo izungushe kwa mkono ekseli ikiwa imeinuliwa hadi juu kabisa uone kama inagusa. Pembe ya difu ikiwa mbaya, mtetemo utausikia ukiwa kwenye mwendo wa kati, na dawa yake ni kabari ya chuma chini ya kiti cha springi. Mabomba ya mpira ya breki yaangalie usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote. Gari la mwaka huo lina dramu mbele na nyuma, na mfumo uliosimama muda mrefu usiuamini: badilisha raba za masta silinda na za magurudumu yote, mabomba ya chuma yenye kutu, na oili yote ya breki. Rimu zina bolti sita kwa kipimo cha milimita 139.7, sawa na Hilux nyingi, hivyo hutakosa za kuchagua. Angalia tu kina chake, tairi isiguse bawa ukikata kona.

Bodi na rangi vije baada ya gari kuwa limetembea likiwa limeshushwa, kwa sababu ndipo utakapojua tairi inagusa wapi. Injini ya J15 ni nyepesi kuihudumia na sioni haja ya kuibadilisha. Kumbuka tu kwamba Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na kabureta iliyowekwa kwa ajili ya pwani itatumia mafuta kupita kiasi huku plagi zikiwa na masizi; ipunguzie mafuta kidogo kidogo mpaka plagi ziwe na rangi ya kahawia hafifu. Ukibadilisha rangi ya gari, au injini siku yoyote, peleka taarifa TRA, kwa kuwa mambo hayo yameandikwa kwenye kadi ya gari. Namba ya chesisi usiiguse kwa grainda wala puti. Ifunike kwa utepe kabla ya kusafisha sehemu hiyo.

Na kuhusu mzee wako: mifuko minne ya saruji, yaani kilo 200, gari litaibeba ikiwa imepangwa mbele ya ekseli ya nyuma na ukienda taratibu. Zaidi ya hapo, mwombe akodi Kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo. Baada ya kilomita 100 za kwanza kaza yubolti zote upya kwa spana ya kupimia nguvu, gari likiwa limesimama juu ya matairi yake, kisha upime kimo cha pembe zote nne na ukilinganishe na kile ulichoandika siku ya kwanza. Pembe moja ikiwa imeshuka peke yake, rudi chini ukaangalie kishikio cha springi cha upande huo kabla hujagusa bolti ya kurekebishia.